Bado Wanasalimia

Maulida alikuwa na macho mazuri, jambo ambalo hata wasiompenda mtaani kwao Ijuganyondo walikubali, na kwa bahati mbaya aliyatumia zaidi kudharau. Aliwadharau maofisa wanaochapa barua pepe kwenye karatasi ili waigonge muhuri. Aliwadharau mafundi waliobandika mabango ya "tunatengeneza mifumo yote" na kumbe mfumo wenyewe ni wa kuazima. Aliwadharau na wateja wake, ambao ndio waliomlisha yeye na mama yake, Bi Safina.

"Ulimi wako utakufukuzia riziki," Bi Safina alimwambia.

"Mimi sisemi kitu, mama. Natazama tu."

Hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Kwa wateja hakusema, lakini alitazama kwa namna ambayo mtu akirudi nyumbani hujiuliza amekosea nini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti na mifumo kwa PHP, lugha ya programu ambayo aliosoma nao, waliohamia Dar es Salaam, waliicheka kuwa ni ya kizamani. Naye aliwacheka wao, kwa kuwa ya kwake ilikuwa inafanya kazi. Alikodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, karibu na soko la Bukoba, na dirisha lake lilitazamana na migongo ya watu wanaosubiri fotokopi.

Hapo ndipo alipopata kazi ya Umoja. Umoja ule ulikuwa wa wakulima wa kahawa, makao yake Muleba, na matawi yake yalitawanyika kuanzia Izigo hadi Ngenge. Daftari lake la wanachama lilikuwa limeoza. Nusu ya majina yalikuwa ya watu ambao migomba ilikwisha kuota juu ya makaburi yao. Kwa hiyo viongozi walipitisha azimio: kila mwanachama ahakiki jina lake mwenyewe, kwa simu, ndani ya siku tano. Asiyehakiki hapigi kura kwenye mkutano mkuu, hagombei, na hahesabiwi kuwa mwanachama mpaka mwaka mwingine. Nafasi ya marehemu isiyohakikiwa na anayelima shamba lake itarudi kwa ukoo, ukoo uamue. Mwenyekiti, Mzee Privatus Kashaija, alilisaini azimio hilo kwa wino wa kijani, kama serikali.

Maulida alianza kwa kuzunguka matawi, ili awaone watakaoutumia mfumo. Izigo alipokelewa na mjane mmoja aitwaye Gaudiosa, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye simu janja iliyopasuka kioo na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Kabla ya lolote alimletea kikapu kidogo cha kusuka chenye kahawa ya kutafuna.

"Tafuna kwanza," alisema. "Hii ni ya mgeni. Mwenyeji hapewi, mwenyeji ana yake mtini."

Maulida akatafuna, na Gaudiosa akamweleza shida yake bila kuipamba. Mumewe, Julius, alikufa miaka tisa iliyopita. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepalilia kibanja, yaani shamba lao la migomba, akachuma kahawa, akaianika na kuibeba hadi ghalani, lakini kwenye daftari jina lilikuwa bado la Julius. Shemeji yake, Buberwa, alikuwa anaingoja nafasi hiyo. Buberwa hakuwahi kushika jembe kwenye kile kibanja. Alichoshika ni neno "ukoo," na alilishika kwa mikono miwili.

"Nikikosa kuhakiki, ukoo utakaa," Gaudiosa alisema. "Na ukoo ukikaa, mwenye kiti ni Buberwa. Akishaandikwa yeye, kahawa itapimwa kwa jina lake, na mimi nitakuwa kibarua kwenye migomba niliyoipanda. Sasa niambie, mwanangu, jina langu nitalikuta wapi kwenye hicho kitu chako?"

"Ukifungua tu, Ma Gaudiosa, cha kwanza utakachokiona ni mahali pa kuhakiki jina lako. Hakuna cha kutafuta."

Aliahidi kwa moyo mweupe. Tena alikuwa anajua la kufanya, kwa sababu menyu ya mfumo, yaani ile orodha ya juu inayomwambia mtu aende wapi, hakuiandika kwa mkono. Ilizalishwa na programu. Kila kipengele kilikuwa na mstari wake kwenye jedwali: jina lake, kipo chini ya kipi, kinakaa nafasi ya ngapi, na nani aruhusiwe kukiona. Programu ilisoma jedwali ikaanza na vipengele vya juu, na kila ilipokuta kipengele chenye vingine chini yake, ilishuka navyo, na vya chini ya hivyo, mpaka vikaisha. Ukitaka kitu kiwe cha kwanza, unabadilisha tarakimu moja. Maulida aliweka "Hakiki Jina Lako" nafasi ya kwanza, akaenda Muleba kuwaonyesha viongozi.

Viongozi walikuwa watano, kila mmoja kutoka tawi lake, kwa desturi ya Umoja ya kuzuia matawi yasinung'unike. Ngenge peke yake ilikosa, kwa kuwa ilijiunga mwisho na iko mbali, na hakuna aliyeona haja ya kuongeza kiti. Walikaa mezani, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakaitazama menyu ukutani.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza Mzee Kashaija.

"Uko hapa, Mzee. Chini ya 'Uongozi.'"

"Chini," alisema Mzee Kashaija. Kisha akarudia, akiwatazama wenzake. "Chini."

Katibu, Gamaliel, mwalimu mkuu mstaafu, alivua miwani. "Binti, kazi ni nzuri. Lakini itifaki haikuzingatiwa. Mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ya watu akapita sebuleni bila kusalimiwa."

Basi likaanza. Mzee Kashaija alitaka kipengele cha kwanza kiwe "Salamu za Mwenyekiti," cha pili "Wasifu wa Mwenyekiti," cha tatu "Mwenyekiti Katika Picha." Gamaliel hakupinga, ila na yeye awe na "Dawati la Katibu," mara tu baada ya picha. Mweka hazina, Magdalena, mama wa Kamachumu mwenye kilemba kirefu, akasema kwa mujibu wa katiba yeye na katibu wako sawa, kwa hiyo hawezi kukaa chini yake. Wakapendekeza wakae pamoja kwenye mstari mmoja. Gamaliel akauliza pamoja kwa kuanza na nani. Vikao vitatu vilikwisha hivyo, na kila kikao kilizaa barua yenye kumbukumbu namba. Ya mwisho ilikuwa na kurasa nne na ilimwagiza Maulida aziweke salamu za viongozi wote watano kwanza, "kwa kuzingatia hadhi," bila kusema hadhi ya nani ilikuwa kubwa kuliko ya nani.

Na wakulima? Wakulima waliwekwa mwisho kabisa, chini ya "Mengineyo." Ndiko walikozoea kukaa kwenye mihtasari ya vikao. Chini ya "Mengineyo" kuwe na "Huduma," na chini ya "Huduma" ndipo mtu ahakiki jina lake.

Maulida alirudi Bukoba amevimba kwa hasira. Watu wazima watano, wenye wajukuu, wanagombea tarakimu kwenye jedwali. Siku mbili aliishi na dharau hiyo, akala nayo chakula. Siku ya tatu, akiwa jikoni anamenya ndizi na mama yake, dharau ikamzalia akili.

Programu ilikuwa inamjua kila anayeingia. Sasa kuna haja gani ya menyu moja? Mwenyekiti akiingia, imzalishie menyu inayoanza na mwenyekiti. Katibu akiingia, aanze katibu. Mweka hazina naye vivyo hivyo. Mkulima akiingia, aone "Hakiki Jina Lako" juu kabisa, na viongozi wake akiwataka awakute huko chini wamepumzika. Wala wasingegundua. Hakuna kiongozi anayeomba simu ya mwenzake ili aone mwenzake ametukuzwa vipi.

Aliandika mistari kumi na minane, akatuma ujumbe kwa wote watano, kila mmoja na picha ya menyu yake, kwamba maagizo yametekelezwa. Simu zikaanza kuita.

"Sasa imekaa sawa," alisema Mzee Kashaija.

"Nimefurahi umenielewa," alisema Gamaliel. "Yule mzee alitaka kutuburuza."

Magdalena alicheka kwanza, kisha akanong'ona, "Umewaweka mahali pao."

Maulida alikata simu ya mwisho, akacheka hadi muuza duka akachungulia. Alijiona amewashika wote mkononi, na kwa kweli ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Ila kulikuwa na kitu kimoja alichokifanya mapema, tena kwa nia njema, akakisahau. Mtandao wa vijijini ni wa kuvizia, leo upo, kesho upo juu ya kichuguu tu. Ili kurasa zifunguke upesi, aliiagiza programu isijenge menyu upya kila mtu anapoingia. Ijenge mara moja kwa kila tawi, kwa sababu kila tawi lilikuwa na matangazo yake, iihifadhi kwenye faili, na wote watakaofuata wa tawi hilo wapewe ile ile. Zamani, menyu ilipokuwa moja kwa wote, hilo halikuwa na ubaya.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo si la programu. Mzee Kashaija alitaka mfumo uzinduliwe. Aliagiza kwamba Jumatatu asubuhi, kwenye kila tawi, asifungue mwanachama yeyote kabla ya kiongozi wa tawi hilo kufungua, kama utepe unavyokatwa. Walifanya hivyo kwa heshima zote. Saa mbili kamili, Mzee Kashaija akiwa barazani kwake Izigo amevaa koti, alibonyeza simu watu wakapiga makofi. Programu ikajenga menyu ya mwenyekiti, ikaihifadhi kuwa menyu ya Izigo. Gamaliel akazindua kwao, menyu yake ikawa ya kwao. Magdalena naye. Ngenge hapakuwa na wa kuzindua, watu wakafungua tu wenyewe.

Maulida hakuona kitu. Kila siku aliingia kwa akaunti yake ya fundi, akatazama jumla, jumla ikawa inapanda: mia na kumi, mia mbili na nne, mia tatu. Akajisifu kwa Bi Safina kwamba wakulima hawana taabu, taabu ni wakubwa wao.

Ijumaa saa nne asubuhi, siku ya mwisho, Gaudiosa alitokea mlangoni akiwa na kikapu mkononi na vumbi la Izigo miguuni. Mfumo ulikuwa unajifunga saa kumi jioni.

"Shikamoo, Ma Gaudiosa. Umehakiki?"

"Marahaba. Sijahakiki. Nimekuja kuuliza watamaliza lini."

"Watamaliza nini?"

"Salamu." Gaudiosa aliketi kwenye kiti cha plastiki, akatoa simu yake. "Jumatatu nilifungua, nikamkuta Ta Kashaija anasalimia. Nikasoma mpaka mwisho. Jumanne nikafungua, bado anasalimia. Nikasoma wasifu wake, nikajua alisoma wapi na alipata kipaimara lini. Jumatano nikaangalia picha. Jana nikarudia salamu, nikidhani labda kuna neno nililoruka. Nikasema nisubiri. Mikutano yetu yote ndivyo ilivyo, wakubwa wanasalimia kwanza, jambo lenyewe linakuja baadaye. Leo nikaona jua linapanda, nikapanda gari nikuulize."

"Na wenzako?"

"Wenzangu nao wanasubiri. Wewe ulisema cha kwanza ni jina langu. Mimi nilijua hukuniongopea, nilidhani bado wanasalimia."

Maulida aliichukua ile simu. Menyu ya Mzee Kashaija ilikuwa pale juu ya kioo kilichopasuka: salamu, wasifu, picha, ofisi, ziara, na huko chini kabisa "Mengineyo" ambayo hakuna mkulima duniani angebonyeza akitafuta jina lake. Akafungua hesabu za matawi, kitu ambacho alipaswa kukifanya tangu Jumatatu. Ngenge, tawi lisilo na kiongozi hata mmoja, walikuwa karibu wote wamekwisha kuhakiki; ile jumla aliyojisifia ilikuwa ya Ngenge. Izigo walikuwa wanne. Kwa Gamaliel saba. Kwa Magdalena hawakufika kumi.

Alikumbuka lile faili sekunde ileile. Kosa lilikuwa la mistari miwili, la mwanafunzi wa muhula wa kwanza, na yeye ambaye siku zote anawacheka mafundi wa mabango ndiye aliyelifanya. Wala halikuwa kosa la kusahau tu. Siku tano nzima aliutazama mfumo kwa akaunti yake mwenyewe, kwenye menyu iliyopangwa kwa ajili yake, mambo yake yakiwa juu. Hakuwahi kuingia hata mara moja kama mkulima. Mzee Kashaija alikuwa anatazama jina lake, yeye alikuwa anatazama ujanja wake.

"Nimekosea mimi, Ma Gaudiosa," alisema. "Si wao. Mimi."

"Unaweza kurekebisha?"

"Naweza."

"Basi rekebisha, toba utaifanya baadaye."

Alifuta mafaili yote, akaiambia programu menyu ya kiongozi isihifadhiwe kabisa, na ya mkulima ihifadhiwe peke yake. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliingia kwa namba ya Gaudiosa, kwenye simu ya Gaudiosa, Gaudiosa akiwa amemwinamia begani. "Hakiki Jina Lako" ilikuwa juu kabisa. Gaudiosa aliomba simu yake, akabonyeza mwenyewe. Aliandika namba ya kibanja polepole kwa kidole cha shahada, akaandika jina lake lote, akasubiri. Ikaja "Umehakikiwa." Akaipiga kioo kwa kucha taratibu kana kwamba anahakikisha imeshika.

"Sasa waite wengine," alisema.

Maulida alituma ujumbe mfupi kwa wanachama wote wa yale matawi matano, akiwaambia wafungue upya, jina liko juu, mwisho saa kumi. Gaudiosa naye alipiga simu Izigo, kwa Kihaya, akimwita kila mmoja kwa jina na kumwambia asisubiri tena salamu. Mpaka saa kumi zinagonga, kati ya watu mia mbili thelathini wa Izigo, mia moja tisini na wanane walikuwa wamehakiki. Mzee Kashaija naye aliupata ule ujumbe. Alijibu, "Hongera kwa kazi nzuri."

Mkutano mkuu ulifanyika wiki mbili baadaye, Muleba, kwenye ukumbi wa kukodi. Ilikuwa pia siku ya uchaguzi, kwa hiyo viongozi walivaa suti zinazobana. Maulida alikaa nyuma, karibu na mlango. Gaudiosa alikaa mstari wa tatu na kikapu chake mapajani, na kushoto kwake, viti vitatu vitupu vikiwa katikati yao, alikaa Buberwa, amekumbatia nakala ya daftari la zamani lenye jina la marehemu kaka yake.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha wanachama. Gamaliel aliunganisha kompyuta yake na projekta, akaingia kwa akaunti yake, na ukuta mzima ukajaa "Dawati la Katibu." Chini yake salamu za katibu. Chini ya hizo picha ya katibu akiwa amefunga mikono kifuani. Mzee Kashaija aligeuka kutazama ukuta, akajitafuta, akajikuta nafasi ya tano.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni mfumo," alisema Gamaliel.

"Mfumo hauko hivi. Mfumo unaanza na mimi. Nimeufungua kila siku." Akatoa simu yake, akaionyesha. Magdalena akatoa yake, nayo ilianza na Magdalena. Wakasogezeana simu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu walipochaguliwa, na wajumbe mia nne wakawaona viongozi wao wakilinganisha vioo kama watoto wanaolinganisha vipande vya muwa. Kisha wote wakageuka nyuma, kwa fundi.

Maulida alisimama. "Wazee wangu, kila mmoja aliomba awe wa kwanza. Kila mmoja amepewa."

Palizuka mabishano. Mzee Kashaija alitaka projekta iunganishwe na simu yake. Gamaliel alisema kikao kinaendeshwa na katibu. Magdalena alisoma kifungu cha katiba, akakisoma tena. Dakika ishirini zikapita, jua likaingia dirishani, watoto wa migongoni wakaanza kulia. Buberwa alifungua daftari lake, akalifunga, akatabasamu. Alikuwa na hakika kwamba siku itaisha hivyo, na siku ikiisha hivyo ukoo utakaa.

Gaudiosa aliinua mkono. Hakuna aliyemwona, akasimama.

"Naomba kuuliza, wazee," alisema kwa sauti yake isiyopenda kurudia. "Bado mnasalimia, au tumefika kwenye majina?"

Mtu mmoja wa Izigo alicheka, akafuatiwa na mstari wake, kisha ukumbi wote. Hata Ngenge walicheka, nao hawakujua kisa. Gamaliel, ambaye kwa miaka thelathini alijua darasa likishacheka namna ile mwalimu afundishe au atoke, alishuka haraka hadi "Mengineyo," akafungua orodha ya Izigo, akaanza kusoma. Alisoma A, akasoma B, na hapo hapakuwa na Buberwa. Alipofika G alisoma, "Gaudiosa, mjane wa Julius, kibanja namba arobaini na moja. Amehakikiwa."

Buberwa aliinuka nusu. Akautazama ukuta, akaitazama karatasi yake, akawatazama wanawake wa Izigo ambao sasa walikuwa wamegeuka wote kumtazama yeye. Akaketi. Baadaye kidogo daftari liliwekwa chini ya kiti, na mkutano ulipoisha lilikutwa hapohapo.

Gamaliel aliendelea. Akafika P. Akasoma Paskazia, akasoma Petro, akasoma Pius. Halafu akapandisha orodha, akaishusha tena taratibu. Akasoma Raymond.

"Umeruka," alisema Mzee Kashaija.

"Sijaruka."

"Privatus Kashaija. Izigo. Mwenyekiti."

"Hayupo," alisema Gamaliel. "Hajahakiki."

Mzee Kashaija alisema tena kwamba alifungua mfumo kila siku, asubuhi na jioni.

"Ulifika wapi?" aliuliza Magdalena.

Kila mtu mle ndani alikwisha kujua alifika wapi. Gamaliel akafungua faili lake, akatoa lile azimio la wino wa kijani, akalisoma neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayekula senene wa kukaanga mmoja mmoja: asiyehakiki hapigi kura, hagombei, na hahesabiwi kuwa mwanachama mpaka mwaka mwingine. Alipofika kwenye saini aliisoma na saini. Maulida, pale nyuma, alitegemea kuona raha, na raha ilikuja, ila ilikuja na aibu kidogo pembeni yake, maana alijua ni nani mwingine katika ukumbi ule ambaye hakuwahi kushuka chini ya jina lake.

Mzee Kashaija aliondoka meza kuu. Mlango ulikuwa mbali, ikambidi apite katikati ya viti, watu wakikunja magoti kumpisha. Alipofika mstari wa tatu, Gaudiosa alimsogezea kiti kilichokuwa wazi. Hakuwa na kejeli usoni. Alifunua kikapu chake kidogo, akakishika kwa mikono miwili na kumtolea ile kahawa ya kutafuna, kwa adabu yote ya nyumba yenye mgeni.

"Karibu, Ta Kashaija," alisema. "Tafuna kwanza."

Mzee alizitazama zile punje, akamtazama mjane, akaelewa. Akaketi, akachukua mbili.